Mashtaka ya Kuchafua Hali ya Hewa

Nchi ninayoisimulia haipo, ingawa nimeifanyia kazi kwa miaka kumi na tisa. Haimo kwenye ramani, haina jirani, na waziri wake akifanana na waziri unayemjua wewe, hilo ni kosa la waziri wako. Nimeona niliseme mapema ili tusije tukasumbuana.

Mimi ni Chande Mlawa, Mpima Hali ya Hewa Daraja la Pili. Miaka hiyo yote niliishi kituoni, juu ya Mlima Kengere, nikipima mvua na upepo na kupeleka taarifa makao makuu kwa simu kila saa tatu asubuhi. Kazi hiyo haina ugomvi. Mvua haijawahi kuniandikia barua.

Sasa ikatokea kwamba Wizara ya Elimu ilipokea wataalamu wanne kutoka ng'ambo. Wataalamu hao walizunguka shule sita kwa siku mbili, wakala pilau mara nne, kisha wakaandika ripoti kwamba walimu wa nchi ile hawaridhiki na kazi yao. Dawa waliyoitaja ilikuwa neno moja la lugha yao, na neno lenyewe lina maana mbili. Maana ya kwanza ni jinsi watu wanavyoishi kazini, wanavyosikilizana na kuheshimiana. Maana ya pili ni mvua na jua.

Mfasiri wa Wizara, mama mmoja makini sana, aliandika "mazingira mazuri ya kazi". Katibu Mkuu akayakata kwa kalamu nyekundu.

"Mazingira ni wizara nyingine," alisema. "Tukiandika mazingira, kesho watakuja kudai waraka ni wao."

Mfasiri akaandika "hali nzuri ya kazi".

"Kazi nayo ni wizara nyingine."

Likabaki neno "hali". Lilipobaki peke yake likaonekana limekaa uchi, ikabidi liongezewe kitu, na wakaliongezea "ya hewa". Hewa haikuwa na wizara.

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Saba: kila shule ya msingi ihakikishe ina hali ya hewa nzuri ifikapo mwisho wa muhula. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu anayeuliza huonekana hajaelewa, na asiyeelewa hapandishwi cheo. Idara yetu ikahamishiwa Wizara ya Elimu nzima nzima, vituo vikafungwa kwa kufuli, na sisi wapimaji mia nne tukagawanywa mashuleni. Mwaka ule hakuna mkulima aliyejua kama mvua itanyesha, lakini nchi nzima ilijua ni mwalimu gani amenuna.

*

Nilipangiwa Shule ya Msingi Tumbilini. Nilifika na barometa, vipimajoto, kipimamvua, na kitabu kinene kiitwacho Mwongozo. Ofisi ya walimu ilikuwa na viti vitatu na walimu kumi na mmoja. Mwalimu Mkuu, Mzee Pazi, alikuwa mtu mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alitaka mwaka huo upite bila kumgusa. Aliposikia kwamba Mwongozo unakataza barometa kuwekwa sakafuni, akamwomba mwalimu wa Sayansi ainuke. Barometa ikakaa.

"Karibu sana," Mzee Pazi aliiambia barometa. Nadhani alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiti.

Wiki iliyofuata likaja lori la Wizara na mafundi watano. Walikuja kujenga kibanda cha vipimajoto, kama Mwongozo unavyoagiza: kuta nyeupe, mlango wenye kitasa na ufunguo, paa la bati jipya. Walizunguka uwanja wakitafuta mahali, wakafurahi kukuta nyuma ya ofisi pana shimo tayari. Hapo ndipo kilipokuwa choo cha walimu, kabla hakijadidimia kwenye mvua za mwaka juzi. Mafundi wakalijaza shimo kifusi, wakalishindilia, wakajenga juu yake. Waliisifu shule kwa maandalizi mazuri.

Ni siku ile nilipoanza kumfahamu Mwalimu Tunu Kasiga. Alisimama akiangalia ujenzi tangu tofali la kwanza hadi la mwisho, mikono kifuani, vumbi la chaki limemjaa hadi kwenye nyusi.

Mwalimu Tunu alifundisha darasa la kwanza. Watoto mia moja arobaini na mmoja, chumba kimoja. Nimeona upepo ukinyanyua mabati ya ghala, lakini sijaona nguvu kama ya kile kidole chake. Alikuwa akikiinua tu, na watoto wote wananyamaza. Kati yao sitini na wawili walikuwa wameshajua kusoma, na ilikuwa bado muhula wa pili. Kwenye kikao cha wazazi alisimama akaahidi kwamba wote watasoma kabla shule hazijafungwa Desemba. Wazazi wengine walilia. Hilo niliambiwa, sikulipima.

Shida yake ilikuwa moja. Walimu walikwenda kujisitiri kwa Mama Sefu, muuza maandazi ng'ambo ya barabara, mwendo wa robo saa kwenda na kurudi. Mwalimu Tunu hakuwa na robo saa. Watoto wale ukiwaacha robo saa, unarudi unakuta mmoja yuko juu ya paa na wengine wanampa maelekezo. Kwa hiyo aliacha kunywa maji. Akiamka hanywi, shuleni hanywi, mpaka arudi kwake jioni. Alikuwa ameshaugua mara mbili. Daktari akamwambia anywe maji mengi, naye akamuuliza, "Nikishayanywa, niyapeleke wapi?" Daktari akamwandikia vidonge.

Kibanda kilipokamilika alinifuata.

"Kaka Chande, humo ndani kuna nini?"

"Vipimajoto, mwalimu. Viwili. Kimoja kikavu, kimoja kina unyevu."

"Na hivyo vinahitaji mlango?"

"Mwongozo unasema vinahitaji faragha. Mtu akichungulia, havifanyi kazi sawasawa."

Alikitazama kibanda, akanitazama mimi.

"Hata sisi," alisema, akarudi darasani.

*

Mwongozo ulieleza kila kitu. Mwalimu akiguna, huo ni upepo wa wastani. Akisonya, upepo mkali. Akinyoosha kidole akisema, ngurumo. Machozi yalikuwa na madaraja matatu: manyunyu, rasharasha, na mvua kubwa inayoambatana na kamasi. Tabasamu ni jua, ila lazima lioneshe meno yasiyopungua sita, na mimi ndiye wa kuhesabu. Nilikuwa na kitabu kidogo cha kujazia, na kila alasiri niliipeleka taarifa yangu, na kila jioni baada ya habari redio ya taifa iliisoma nchi nzima isikie.

"Tumbilini," mtangazaji alisema kwa sauti yake nzito, "mawingu asubuhi. Saa nne, upepo mkali kutoka upande wa chai, kwa kukosekana sukari. Alasiri, ngurumo za hapa na pale."

Siku kumi mfululizo Tumbilini ilikuwa ya mwisho wilayani. Mzee Pazi alianza kuingia ofisini kwa kunyata.

Kisha Mheshimiwa Waziri akahutubia taifa. Nayanukuu maneno yake kwa heshima zote, kwa kuwa nilisimama kuyasikiliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "kabla ya serikali hii kuingia madarakani, walimu wa nchi hii hawakuwa na hali ya hewa kabisa. Walifundisha hivi hivi tu. Sisi tumewapelekea hali ya hewa hadi mlangoni, na asilimia tisini na tisa wameridhika, nanyi mnajua kwamba asilimia ikishafika tisini na tisa, iliyobaki ni uchochezi. Wapo wachache wanaoichafua. Tutawashughulikia kwa upendo."

Kesho yake ukatoka Waraka Namba Nane, ulioanzisha kosa jipya kwa watumishi wote wa umma: kuchafua hali ya hewa. Hapa najua wasomaji mtacheka, maana mnajua maneno hayo husemwa baada ya tukio gani, na jinsi kila mmoja chumbani anavyomtazama mwenzake. Wizara haikucheka. Ilipiga chapa nakala elfu arobaini.

Malalamiko yakakoma siku hiyo hiyo. Walimu wa Tumbilini waliketi kwenye viti viwili kwa zamu na kunionesha meno. Mwalimu wa Hisabati, aliyebakiza matano, alisamehewa kwa barua. Nilijaza jua, jua, jua, mpaka nikaanza kuona haya.

Mwalimu Tunu ndiye aliyeisoma ile nakala hadi mwisho. Alikuja ofisini wakati wa chai, hakunywa, akaketi kwenye ukingo wa meza.

"Kaka Chande, kulalamika ni kosa."

"Ni kosa, mwalimu. Ibara ya pili."

"Na kutabiri?"

Nikapekua waraka mbele na nyuma. Kuhusu kutabiri haukusema neno.

"Basi chukua kalamu," alisema.

Nami nikachukua. Nilikuwa na hamu ya utabiri, nisiseme uongo. Mtu aliyezoea kutabiri akikaa miezi mitatu akihesabu meno ya watu, moyo unamuuma. Akanitajia neno kwa neno, na jioni ile mtangazaji, ambaye husoma chochote kilicho mbele yake, aliisomea nchi nzima.

"Utabiri wa Tumbilini. Kesho, mvua zikinyesha, zinatarajiwa kunyesha ndani ya darasa la kwanza, hasa upande wa dirisha. Watumiaji wa eneo la nyuma ya ofisi wanashauriwa kuchukua tahadhari, kwa kuwa choo cha walimu kilichodidimia mwaka juzi kinatarajiwa kuendelea kutokuwepo. Hali hii inaletwa na mgandamizo mkubwa wa ahadi kutoka makao makuu."

Kesho yake redio zilizokuwa hazina betri zilipata betri. Shule nyingine nazo zikaanza. Sehemu za kusini zilitarajia uhaba wa madawati kuelekea magharibi. Mwalimu mmoja wa nyanda za juu, aliyeomba uhamisho ili aishi na mumewe, alitarajiwa kuendelea kusubiri, pamoja na vipindi vifupi vya kukata tamaa. Walimu wakuu wa mwambao walitahadharishwa juu ya mawimbi ya wakaguzi. Kwa siku sita watu waliacha kusikiliza mpira. Nami nilitembea mjini kifua mbele, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakisema kwamba idara yetu inasema kweli.

Siku ya saba mtangazaji akapewa likizo, na Mwalimu Tunu akapewa mashtaka.

*

Kamati ya watu watatu ilitoka wilayani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kilimbi, Afisa Ridhaa wa Wilaya, mtu mwenye suti ya kijivu na tabia ya kufunga macho anapoongea, ili asikatizwe. Mjumbe wa pili alikuwa karani wake. Wa tatu alikuwa Mzee Hiza, mstaafu aliyeteuliwa kwa busara zake, ambaye hakuwa ameusoma waraka wowote tangu astaafu.

Vikatakiwa viti vitatu. Mwalimu wa Historia aliyekuwa na zamu akainuka, mwenzake akainuka, na barometa nayo ikainuliwa. Mimi nikasimama ukutani nimeibeba mikononi.

"Mwalimu Tunu Kasiga," Bwana Kilimbi alianza, macho yamefungwa, "unashtakiwa kwamba tarehe nane, saa nne asubuhi, ndani ya ofisi hii, mbele ya watumishi wenzako, ulichafua hali ya hewa kwa makusudi."

Mzee Hiza akamtazama mwalimu kwa huruma, kisha akamwinamia Mwenyekiti.

"Lakini Mwenyekiti, hilo ni jambo la kuitana kikao? Mwili una mambo yake. Wangefungua tu dirisha."

"Siyo hiyo, mzee wangu. Hii ni ya kiserikali."

"Ilikuwa na sauti?"

"Ilisikika redioni."

Mzee Hiza alishika kichwa. "Redioni kabisa," alisema taratibu. "Pole, mwanangu."

Walimu waliokuwa wamesimama mlangoni walitazama dari. Mwalimu wa Hisabati alionesha meno yake yote matano. Hata Mwalimu Tunu aliuma mdomo. Ila Bwana Kilimbi alipomruhusu ajitetee, kicheko kilikuwa kimeshamwisha.

"Mimi kazi hii naipenda," alisema. "Mngeniuliza hilo kwanza, msingehangaika na kibanda. Nina watoto sabini na tisa hawajajua kusoma, na kila mmoja najua amekwama wapi. Nataka choo, Mwenyekiti. Nikipata choo nitakunywa maji, nikinywa maji sitaumwa, nisipoumwa nitawafundisha mpaka Desemba na wote watasoma. Sina lingine. Hata kiti sikitaki."

Bwana Kilimbi akafumbua macho, akageuka kwangu.

"Mpimaji. Mtuhumiwa alipokuwa akisema, chombo chako kilionesha nini?"

Nikaitazama barometa. Barometa hupima uzito wa hewa ya juu angani. Haisikii mtu. Ningemwambia hivyo, sentensi moja tu, na ningemwambia kwamba tangu tuletwe mashuleni hakuna hata chombo kimoja kilichopima kitu kinachotuhusu. Mwalimu Tunu alikuwa ananitazama. Nilifikiria cheo changu, Daraja la Pili, na Daraja la Kwanza liko karibu.

"Mshale haukusogea, Mwenyekiti," nilisema.

"Andika," Bwana Kilimbi alimwambia karani. "Maneno ya mtuhumiwa hayakuwa na uzito."

Ulikuwa woga. Nimejaribu kuutafutia jina jingine na sikulipata.

*

Lakini kumwadhibu kukawa na tatizo. Kwa takwimu mpya za Waziri, walimu wote walikuwa wameridhika, na kanuni za utumishi haziruhusu kumwadhibu aliyeridhika. Wizara ilifikiri wiki mbili, kisha ikatuma barua ya pongezi. Mzee Pazi aliisoma mbele yetu.

"Kwa kuwa umeonesha kipaji kisicho cha kawaida katika utabiri," ilisema, "Wizara inayo furaha kukupandisha cheo kuwa Mtabiri, na kukupangia Kituo cha Mlima Kengere, kitakachofunguliwa upya kwa ajili yako, kuanzia kesho. Na kwa kuwa nafasi yako darasa la kwanza itabaki wazi, na kwa kuwa Bwana Chande Mlawa ameonesha utulivu wa hali ya juu mbele ya kamati, yeye atashika darasa hilo."

Mwalimu Tunu alikwenda darasani, akakaa na watoto wake mpaka kengele ya kutoka, kisha akaniletea daftari lenye majina sabini na tisa na maelezo mafupi kwa kila jina. Sikitu anachanganya b na d. Mrisho anajua, ila anaona aibu. Nyambura usimwite mbele, mwache asome na jirani yake. Akanipa pia kipande cha chaki kilichokuwa mfukoni mwake, akaniaga vizuri tu, kana kwamba sikuwa nimemfanyia lolote.

Asubuhi yake niliingia darasa la kwanza. Watoto mia moja arobaini na mmoja wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nilisema, na hapo ukawa mwisho wa nilichokijua. Herufi nilizijua, lakini zinavyoingia kwenye kichwa cha mtoto sikuwahi kufundishwa. Niliinua kidole. Wakakitazama kidole, wakaendelea kupiga kelele. Ilipofika saa nne nilikuwa nimebanwa vibaya, nikatazama dirishani kule kwa Mama Sefu, nikabaki nimesimama nimekunja miguu hadi mchana. Siku ya pili sikunywa chai.

Mwalimu Tunu alikuwa anapiga simu kila saa tatu kasorobo, kabla ya kupeleka taarifa yake makao makuu.

"Kaka Chande, Sikitu amefika wapi?"

"Bado b na d, mwalimu."

"Mshike mkono mwandike pamoja. Usimkemee. Na Mrisho?"

"Anaona aibu."

"Nilikwambia," alisema. "Huku kuna choo kizuri, kaka. Cha vigae. Cha peke yangu. Nakunywa maji birika nzima."

"Afadhali, mwalimu."

"Nikimaliza nakaa. Hakuna wa kumwambia anyamaze." Simu ikakatwa.

Shule ya Tumbilini ikawa ya kwanza kitaifa. Kwa kuwa mpimaji alishakuwa mwalimu, hapakuwa na wa kupima, na kwa mujibu wa Mwongozo kisichopimwa huandikwa shwari. Waziri mwenyewe alileta ngao. Alisema Tumbilini imethibitisha kwamba mwalimu akitimiziwa mahitaji yake, hulalamika kidogo. Mzee Pazi aliipokea kwa mikono miwili, na ngao ikapewa kiti.

Ijumaa hiyo ya ngao, baada ya msafara wa Waziri kuondoka, niliwakuta watoto wangu wamekaa kimya, wote, bila kidole. Sikujua kama wamepanga. Sikitu alisimama.

"Mwalimu Chande, Mwalimu Tunu anarudi lini?"

Miaka kumi na tisa watu wameniuliza habari za kesho, na sijawahi kumjibu mtu kabla ya kutazama vipimo. Niliwaangalia, mia moja arobaini na mmoja, na daftari lilikuwa mkononi mwangu lina majina sabini na tisa, hata moja sijalikata.

Nikawaambia Jumatatu. Wakapiga makofi.